Jina Lililoficha Goti: Historia Fupi ya Homa ya Uti wa Mgongo

Katika insha hii ninatetea hoja moja: jina la homa ya uti wa mgongo limetufanya tusahau kwamba bakteria wake, meningokoki, hushambulia pia viungo vya watoto, hasa goti.

Mwaka 1805 daktari Gaspard Vieusseux alieleza mlipuko wa ugonjwa huu mjini Geneva. Mwaka 1887, huko Vienna, Anton Weichselbaum aliwatambua bakteria hao katika majimaji ya uti wa mgongo ya wagonjwa. Tangu hapo macho ya madaktari yalibaki kichwani na mgongoni. Lakini meningokoki husafiri kwa damu, na damu hufika kila mahali.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Simon Flexner wa New York alitengeneza seramu kutokana na damu ya farasi, ikadungwa katika uti wa mgongo. Iliokoa wengi, ila ilileta utata. Mwaka 1905 Clemens von Pirquet na Béla Schick walikuwa wameonyesha kwamba seramu ya farasi yenyewe huweza kusababisha homa, vipele na maumivu ya viungo siku kadhaa baada ya sindano. Basi goti la mtoto lilipovimba, daktari alijiuliza: ni ugonjwa au ni dawa?

Dawa za salfa zilipoenea mwishoni mwa miaka ya 1930, seramu iliachwa, lakini magoti hayakuacha kuvimba. Leo tunatofautisha hali mbili. Katika ya kwanza, bakteria huingia kwenye kiungo mapema, na usaha hauna budi kutolewa. Katika ya pili, kinga ya mwili huwasha kiungo siku chache baada ya tiba kuanza, mtoto akiwa tayari anapata nafuu. Hali hiyo kwa kawaida hupoa.

Kaskazini mwa Uganda kumo katika ukanda wa ugonjwa huu, ambao Léon Lapeyssonnie aliueleza mwaka 1963. Chanjo ya MenAfriVac, iliyoanza kutolewa Burkina Faso mwaka 2010, imepunguza sana kundi A, lakini makundi mengine yapo.

Kwa hiyo historia hii si ya vitabuni tu. Mzazi anayeona goti likivimba siku ya tano anaweza kudhani sindano imemdhuru mwanawe, akamtorosha hospitalini. Tumehesabu sana waliokufa. Naona ni wakati wa kuuliza pia waliopona walitembeaje.