Kinanda Kimoja, Viti Vingi

Kijana wa Mkongo, katika nchi ya Rufiji, apatapo kinanda cha umeme, hudhani amepata ala moja tu. Kwa hakika amerithi kazi ya kundi zima, na asiyejua urithi huo ulivyomfikia hawezi kuyapanga mazoezi yake vema.

Neno lenyewe ni la kale. Kinanda kilikuwa ala ya nyuzi, mfano wa gambusi. Ilipofika ala ya Ulaya yenye vibao vyeupe na vyeusi, nayo ikaitwa kwa jina hilo. Lakini taarabu ya Unguja, ambako chama cha Ikhwani Safaa kiliasisiwa mwaka 1905 na Culture Musical Club mwaka 1958, ilikuwa kazi ya watu wengi. Palikuwa na udi, kanuni, nai, fidla, dumbaki, na baadaye kodiani na besi. Kila mpigaji aliketi kitini pake, akaijua sehemu yake, akanyamaza zamu ya mwenziwe ilipowadia.

Katika miaka ya 1990 mambo yaligeuka. Huko Dar es Salaam, Tanzania One Theatre na Muungano walishindana kwa taarabu mpya, na kinanda cha umeme kikashika nafasi ya fidla na kanuni. Mtu mmoja akawa fidla, nai na besi kwa pamoja. Ukawa wepesi wa safari na wa gharama, lakini hasara nayo ilikuwapo. Kinanda cha kawaida huigawa oktava katika hatua 12 zilizo sawa, hali makamu za rasti na bayati zataka sauti zilizo kati ya vibao. Vinanda vingine vya sasa vyaweza kurekebishwa vizitoe, ila mkono hautazitafuta ikiwa sikio halizijui.

Basi mpango wa mazoezi na ufuate viti vile vya kale. Juma la kwanza ni la mkono wa kushoto peke yake, ukae katika kiti cha besi na kuyashika mapigo ya dumbaki. Juma la pili ni la mkono wa kulia katika kiti cha fidla, na kila wimbo uimbwe kwanza kwa kinywa kabla haujaguswa kwa kidole. La tatu ni la majibizano: mwimbaji amalize ubeti, ndipo kinanda kijibu. Hapo ndipo penye ugumu, kwa kuwa mwenye sauti zote mkononi huona tabu kunyamaza. Juma la nne mikono iunganishwe polepole. Nusu saa kila siku yafaa kuliko saa nne za siku moja.

Ajifunzaye hivyo atakipiga kinanda peke yake, na msikilizaji atawasikia wengi, kila mmoja kwa zamu yake.