Maji katika Dizeli: Somo la Miaka Kumi
Mtambo wa Rudolf Diesel ulifaulu mjini Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897. Mafuta yakisukumwa kwa hewa iliyoshindiliwa. Mwaka 1927 kampuni ya Bosch ilianza kutoa kwa wingi pampu ya mafuta, ambayo vyuma vyake hukaribiana mno hata maji kidogo au vumbi huviharibu.

Sisi tulilijua jambo hilo kwa hasara. Msimu wetu wa kwanza mtambo wa kuchambua pamba ulizimika, na jasho la wakulima likalala ghalani. Tangu hapo mafuta hutulizwa pipani hata maji, yaliyo mazito kuliko dizeli, yazame na kumwagwa, kisha huchujwa. Tangi hujazwa jioni, unyevu wa hewa usigeuke maji usiku.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.