Mifumo ya usalama na mawasiliano ya uwanja wa michezo

Mifumo ya usalama na mawasiliano ya uwanja wa michezo ni mitambo inayowawezesha wasimamizi kuuona, kuuhesabu na kuuelekeza umati. Kiini chake ni chumba cha udhibiti kinachotazama uwanja mzima, ambamo polisi, zimamoto na watoa huduma ya kwanza hukaa pamoja. Humo hufika picha za kamera, idadi ya walioingia kila geti, ving'ora vya moto na taarifa za redio za upepo.

Umuhimu wa mifumo hii ulionekana tarehe 15 Aprili 1989: katika uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, Uingereza, mashabiki walibanwa ndani ya vizimba vya jukwaa na 97 wakapoteza maisha. Kamera zilikuwepo, lakini mageti hayakuhesabu watu wa kila kizimba, wala njia ya kuelekea vizimba vilivyojaa haikufungwa. Ripoti ya mwaka 1990 ya Jaji Peter Taylor kuhusu maafa hayo ilipendekeza viti kwa watazamaji wote wa viwanja vikubwa.

Vipaza sauti na taa za dharura, ambavyo pia ni sehemu ya mifumo hii, huwekewa umeme wa akiba na nyaya za njia mbili, ili hitilafu moja isizime mfumo wote.