Kwa nini Fullmetal Alchemist ndiyo namba moja kwangu

Nilipotea kidogo, mambo ya testi na asaimenti, mnajua wenyewe muhula ukikaribia kuisha unavyokuwa. Leo nataka kulipa deni. Nimeulizwa mara nyingi, hapa chumbani na hata na wanaonisoma: mtu mzima, tena anasoma Historia, anapata nini kwenye katuni za Kijapani? Na kati ya hizo zote, kwa nini kila siku ni Fullmetal Alchemist tu? Jibu langu ni refu kidogo na lina historia ndani yake, kwa hiyo chukua chai yako ukae. Onyo moja: naisimulia mpaka mwisho. Kama hujaiona na hutaki kuharibiwa uhondo, ishia hapa, kaiangalie, halafu urudi.

Kwa wasioijua, ilianza kama manga, yaani hadithi ya picha, mwaka 2001 kwenye jarida la kila mwezi linaloitwa Shōnen Gangan, ikaisha 2010, jumla vitabu 27. Mtunzi ni mwanamama Hiromu Arakawa. Studio ya Bones iliitengenezea anime mara mbili. Ya kwanza ilirushwa 2003 hadi 2004, episodi 51, na kwa kuwa manga ilikuwa bado inaendelea, wakajitungia mwisho wao. Ya pili, ile inayoitwa Brotherhood, ni ya 2009 hadi 2010, episodi 64, na inafuata manga. Mimi nazungumzia zaidi hii ya pili.

Hadithi yenyewe iko hivi. Kwenye nchi ya Amestris alkemia ni sayansi kama fizikia, na ina sheria moja kubwa: ukitaka kupata kitu, lazima utoe kitu chenye thamani sawa. Ndugu wawili, Edward na Alphonse Elric, walifiwa na mama wakiwa wadogo. Wakajifungia na vitabu, wakapiga hesabu za mwili wa binadamu una maji kiasi gani na chumvi kiasi gani, wakajaribu kumfufua. Kilichotokea sikielezi, kinatisha. Ed alipoteza mguu wa kushoto, Al akapoteza mwili mzima. Ed akatoa na mkono wake wa kulia ili roho ya mdogo wake ifungwe kwenye deraya la chuma lililokuwa pale ndani. Baadaye, akiwa na miaka 12 tu, Ed akaajiriwa kama mwanaalkemia wa serikali, apate pesa na ruhusa ya kutafuta namna ya kurudisha miili yao.

Sasa kwenye hiyo ajira ndipo hadithi iliponikamata. Maana mwanaalkemia wa serikali ni mwanajeshi. Anapewa cheo, anapewa pesa za utafiti, na siku akiitwa vitani anakwenda. Na miaka michache kabla ya Ed, waliitwa kweli. Mashariki ya Amestris waliishi watu wanaoitwa Waishval, weusi kiasi kuliko wenzao, macho mekundu, wana dini yao, nchi yao mawe na mchanga. Mwaka 1901 kwa kalenda ya hadithi, mwanajeshi wa Amestris alimpiga risasi mtoto wa Kiishval. Watu wakaasi. Vita vikaenda miaka 7, mpaka 1908 mkuu wa nchi, King Bradley, akasaini amri namba 3066: wanaalkemia waende wakawamalize Waishval. Hakuna kuteka, hakuna kusuluhisha.

Nani walitekeleza hiyo amri? Hapa sasa. Ni watu tunaowapenda! Roy Mustang, yule kanali mcheshi anayependa wanawake, alisugua vidole tu na mitaa mizima ikawaka moto. Riza Hawkeye, dada mtulivu kuliko wote, alikuwa mdunguaji. Maes Hughes, yule baba anayemsumbua kila mtu kwa picha za binti yake, naye alikuwepo. Unakaa nao episodi nyingi, unacheka nao, unawaonea huruma, ndipo unaonyeshwa walichokifanya. Na hadithi haikuruhusu kuwaacha kuwapenda, wala haikuruhusu kusahau.

Kuna tukio moja kwenye episodi ya 30 ya Brotherhood mimi silisahau. Kiongozi mkuu wa dini ya Waishval, mzee Logue Lowe, anakwenda mwenyewe kujisalimisha kwa Bradley. Anaomba auawe yeye, wale wachache waliobaki waachwe hai. Bradley anakataa, kwa hoja kwamba uhai wa mtu mmoja una thamani ya mtu mmoja, kwa hiyo hautoshi kuwanunua maelfu. Mnaona? Ile sheria ya thamani sawa, ambayo mpaka hapo tulidhani ni hekima ya hadithi nzima, inageuka kuwa kisu mikononi mwa mwenye nguvu. Hesabu zinatoka sawasawa kabisa, na watu wanakufa.

Nilipofika hapo ndipo nikataka kujua huyu mama ni nani na haya kayatoa wapi. Arakawa alizaliwa mwaka 1973 Tokachi, kwenye kisiwa cha Hokkaido, kaskazini ya Japani. Kwao ni wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, na kabla ya kuhamia Tokyo mwaka 1999 alifanya kazi kwenye shamba la familia miaka 7. Ndiyo maana akijichora mwenyewe anajichora ng'ombe mwenye miwani. Ile sheria ya thamani sawa ameshaeleza kuwa inatokana na malezi ya kwao, ya asiyefanya kazi na asile. Na kuhusu Waishval, amesema mwenyewe kwenye mahojiano kuwa alikuwa akiwafikiria Waainu.

Waainu ni nani? Ni wenyeji wa Hokkaido. Zamani Wajapani wenyewe walikiita kisiwa hicho Ezo, na waliokuwa na ngome pale kusini ni ukoo wa Matsumae, wakifanya biashara na Waainu kwa masharti yaliyozidi kuwa mabaya. Mwaka 1669 Waainu wakaongozwa na Shakushain wakapigana nao. Shakushain aliitwa kwenye mazungumzo ya amani, akauawa hapo hapo. Lakini pigo kubwa lilikuja 1869, serikali ya Meiji ilipokitangaza kisiwa chote kuwa mali yake, ikakipa jina jipya, Hokkaido, na kuunda idara ya kukiendeleza. Ardhi ambayo watu waliwinda na kuvua karne na karne ikahesabiwa haina mwenyewe.

Baada ya hapo wakaletwa walowezi. Sisi neno hilo hatuhitaji kufafanuliwa. Kuanzia 1875 walikuja hata wanajeshi wakulima, tondenhei, jembe mkono huu, bunduki mkono ule, kwa sababu serikali ilikuwa inawaogopa pia Warusi. Waainu wakakatazwa kuwinda kwa mishale ya sumu, wakabanwa kuvua samoni kwenye mito yao, wanawake wakakatazwa chale za mdomoni zilizokuwa alama ya utu uzima. Halafu mwaka 1899 ikatoka sheria, na jina lake naomba mlisome taratibu: Sheria ya Kuwalinda Wenyeji wa Zamani wa Hokkaido. Kulinda! Kila kaya ilipewa mpaka hekta 5 hivi ili wawe wakulima, na eneo ambalo halikulimwa ndani ya miaka 15 liliweza kuchukuliwa tena. Yaani unamnyang'anya mtu kisiwa, unampimia kipande, halafu unamwambia asipokilima atanyang'anywa na hicho. Watoto wao wakafundishwa Kijapani, lugha yao ikabaki kwa wazee. Sheria hiyo haikufutwa mpaka mwaka 1997.

Sasa unganisha. Arakawa ni mzao wa walowezi. Maziwa yaliyomlea yametoka kwenye nyasi za ardhi ile. Angeweza kunyamaza, wengi wamenyamaza. Angeweza pia kuandika hadithi ambayo yeye yuko upande wa wanaoonewa, msomaji akalia, akajisikia mwema, akaenda kulala. Yeye akafanya jambo gumu zaidi: akatuweka ndani ya vichwa vya waliofanya, watu wa kawaida, wachapakazi, wenye marafiki na watoto, na kutuuliza mtu kama huyo anaishije kesho yake.

Kuna rafiki yangu ambaye hakubaliani nami. Anasema mbona baadaye inafichuliwa kuwa aliyempiga risasi yule mtoto ni Envy, kiumbe cha bandia aliyejigeuza sura ya mwanajeshi, na kwamba vita vyote vilipangwa na viumbe hao? Si ni kuwaondolea binadamu lawama? Ni hoja nzuri, nimeifikiria sana. Jibu langu ni kwamba Envy alipiga risasi moja. Zile nyingine zote zilipigwa na watu. Na angalia, Mustang na Hawkeye hata baada ya kuujua ukweli hawautumii kama kichaka cha kujifichia. Hawkeye anamweleza Ed mpango wao wazi: Mustang akishika nchi, arudishe madaraka kwa wananchi, hata kama nchi hiyo mpya itawapandisha kizimbani wale wanaoitwa mashujaa wa Ishval, wao wakiwemo. Mimi kwenye vitabu vya historia nimekutana na watawala wachache sana waliopanga hivyo.

Kuna na suala la Winry, yule binti fundi wa mkono wa chuma wa Ed. Wazazi wake walikuwa madaktari, walikwenda Ishval kutibu majeruhi wa pande zote. Kwenye anime ya 2003 anayewaua ni Mustang mwenyewe, kwa amri. Kwenye manga na Brotherhood anayewaua ni Scar, Mwishval waliyemtibu, aliyezinduka kitandani akakuta ndugu zake wote wameisha, mbele yake wamesimama watu wa Amestris. Baadaye Winry anakutana na Scar akiwa anavuja damu, na anamfunga bandeji. Anamwambia wazi kuwa hajamsamehe. Anafanya tu kile ambacho wazazi wake wangefanya. Kwa mawazo yangu hapo kuna somo kuliko kwenye hotuba nyingi za maridhiano: kusamehe ni hiari ya aliyeumizwa, hakuna mwenye haki ya kumdai, lakini kukata mnyororo wa kisasi kunawezekana hata kabla ya msamaha.

Narudi kwenye hesabu. Mwaka huo huo 1997, mwezi wa tatu, mahakama ya Sapporo ilitoa hukumu juu ya bwawa la Nibutani. Serikali ilikuwa imechukua mashamba ya Waainu kando ya mto Saru ili ijenge bwawa. Mmoja wa walioshtaki ni Shigeru Kayano, Mwainu wa kwanza kuingia bunge la Japani, mwaka 1994. Mahakama ikasema Waainu ni wenyeji wa asili, na kuchukua ardhi ile kulikuwa kinyume cha sheria. Ushindi! Ila bwawa lilishajengwa, maji yalishajaa, kwa hiyo likaachwa pale pale. Bunge lilipitisha azimio la kuwatambua kama wenyeji wa asili mwaka 2008, sheria yenye kuwatambua ikaja 2019, na 2020 likafunguliwa jumba la taifa la makumbusho yao, Upopoy, huko Shiraoi. Ni mambo mema. Lakini hata sheria ya 2019 haikuwarudishia ardhi wala haki ya mito yao.

Ndiyo maana mwisho wa hadithi unaniingia sana. Mustang anapofushwa, halafu Dk. Marcoh anampa jiwe la kurudisha macho. Jiwe hilo limetengenezwa kwa roho za Waishval waliouawa. Sharti ni moja: Waishval warudishiwe nchi yao. Mustang analichukua na kuahidi. Hakuna usafi hapo, ataona dunia kwa macho yaliyolipiwa na watu aliowachoma, na inabidi afanye kazi akijua hivyo. Ed naye anatoa uwezo wake wote wa alkemia ili mdogo wake arudi na mwili wake. Halafu hao ndugu wawili wanaibuka na sheria yao mpya, inayoelezwa na Al: ukipokea 10, ongeza 1 yako, utoe 11.

Kwangu hilo ndilo jibu kwa King Bradley. Ukisubiri hesabu itoke sawa utasubiri milele, kwa sababu aliyekufa hana bei, na bwawa likishajaa limejaa. Kilichobaki ni aliyepata kutoa zaidi ya alichopewa, bila kudai risiti. Arakawa alipokea shamba, akalipa kwa kuwafanya vijana wa dunia nzima waulize Waainu ni akina nani. Haitoshi, najua. Lakini ni ile 1 yake ya kuongeza.

Haya wadau, mwenye anime yake anayoona inaizidi hii alete hoja, niko tayari. Ila kwanza amalize episodi zote 64. Tukutane baada ya mitihani, Mungu akipenda.