Mbuzi wa Wazee, Franka za Sekta: Faini za Ulevi na Omba-omba Fizi na Baraka

Ukitaka kujua kwa nini faini haijawahi kumwondoa mlevi wala ombaomba barabarani Baraka, usianze na mlevi. Ifuate faini yenyewe: imetoka mfukoni mwa nani, imeangukia mkononi mwa nani, na huko ilikofika imefanya kazi gani. Teritwari ya Fizi, mashariki mwa Kongo, ulipo mji huo wa Baraka, inafaa kwa uchunguzi huo, maana imeonja karibu kila namna ya kutoza: mbuzi aliyeliwa hadharani, franka zilizohesabiwa kwenye kasha la sekta, na noti inayokunjwa kiganjani bila risiti. Naamini faini ilimrudisha mtu kwenye mstari pale tu ilipobaki kwa wale aliowakosea. Ilipogeuka pato la ofisi, ofisi ikawa na haja na makosa yenyewe, na hakuna anayekausha kisima anachonywea.

Babembe, ambao ndio wengi Fizi, hawakuwa na mfalme mmoja. Mashauri yaliamuliwa na wazee wa ukoo, na heshima kubwa ilikuwa mikononi mwa watu wa bwami, chama cha vyeo ambacho Babembe wanashirikiana na Balega. Aliyelewa akamtukana mkwe, au akazusha ugomvi penye matanga, alitozwa kuku au mbuzi, na mara nyingi pombe juu yake. Naam, mlevi alitozwa pombe, na hakuna aliyeona kichekesho hapo, kwa kuwa kosa halikuwa kunywa. Kosa lilikuwa kuvunja heshima ya kikao, na kikao kilirudishiwa kilichoharibiwa: mbuzi alichinjwa, pande zote mbili zikala, na mkosaji akala nao. Ombaomba hakuwa mtu wa kutozwa. Mjane au kilema aliyeonekana akiomba chakula kwa wageni aliwaaibisha wa ukoo wake, na wao ndio waliopaswa kujieleza.

Tusiupake sukari utaratibu huo. Wazee walijipatia minofu, mwanamke alizungumziwa badala ya kuzungumza, na asiye na ukoo hakuwa na wa kumlipia. Katika karne ya 19, misafara ya Ujiji ilipovuka Ziwa Tanganyika, mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuwa rahisi kuuzwa. Hata hivyo utaratibu ule ulikuwa na jambo moja ambalo waliofuata walilipoteza: hakuna mzee aliyeweza kuficha mbuzi. Kijiji kizima kilijua kilicholipwa, kwa sababu kilikula.

Wazungu walipokuja, sheria ilitangulia kabla ya bwana wilaya mwenyewe. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulibana pombe kali katika ukanda mpana wa Afrika, kuanzia latitudo 20 kaskazini hadi 22 kusini, na Fizi, iliyo kwenye takriban nyuzi 4 kusini, ilikuwa katikati yake. Mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa 1919 ukaongeza marufuku ya kutengeneza pombe ya kukenekwa. Kwa hiyo lutuku, ile inayopikwa kwa mahindi yaliyochipua na unga wa muhogo, ikachachishwa, kisha ikachemshwa kwenye pipa ili mvuke wake upite ndani ya mrija uliolazwa majini na kudondoka tone kwa tone kwenye chupa, ilizaliwa ikiwa haramu. Kuhusu omba-omba, dekreti ya Mei 1896 ya Dola Huru la Kongo ilifuata nyayo za sheria ya Ubelgiji ya 1891, iliyowaswaga ombaomba na wazururaji kwenye makambi ya kazi kama Merksplas. Ubelgiji kulikuwa na viwanda na miji iliyofurika watu waliokosa kazi. Kando ya Tanganyika hapakuwa na kiwanda wala umati wa mjini. Aliyeitwa mzururaji huku, mara nyingi alikuwa tu mtu aliyeondoka kwa chifu wake kabla hajalipa kodi ya kichwa, iliyopangwa kwa sheria ya 1910, au kabla kampuni fulani haijampata kwa kazi. Sheria ya kuwafukuza maskini barabarani ilifika mahali ambapo serikali ilikuwa ikiwatafuta watu hao hao iwatie kazini.

Hatua iliyobadilisha zaidi maisha ya Fizi, kwa maoni yangu, haikuwa katazo lolote. Ilikuwa kasha. Dekreti ya 1926 ilizipa mahakama za wenyeji sura rasmi, na ile ya Desemba 1933 ikapanga tawala za wenyeji na hazina zake. Penye watu wasio na machifu wakubwa, kama Babembe, vikundi vidogo viliunganishwa kuwa sekta, na ndiyo sababu Fizi hadi leo ina sekta tu: Mutambala, Tanganyika, Ngandja na Lulenge. Chifu wa sekta hakukalia kiti cha babu yake. Alikalia kiti cha serikali, na alikuwa na karani, polisi, barabara ya kufyeka, pamoja na siku 60 kwa mwaka za kazi na kilimo cha lazima za kuwasimamia watu wake. Vyote hivyo vilitaka fedha, na faini ilikuwa mojawapo ya fedha hizo. Mbuzi akageuka franka, na franka hazikuliwa na waliokosewa. Jirani aliyetukanwa alirudi nyumbani mikono mitupu, huku aliyemtukana akiwa amelipia daftari la karani. Asiyekuwa na franka alikwenda buloko, yaani jela, akafyeka barabara. Mwaka 1948 serikali ilipopiga marufuku bwami, kimojawapo cha vikao vichache ambamo watu wa ngazi zote walikula na kunywa pamoja kwa kanuni kilifungwa rasmi. Marufuku haikumaliza unywaji. Iliuhamishia gizani, walikokunywa watu wasio na mzee wa kuwakemea.

Uhuru haukulifungua fundo hilo, na vita vililikaza. Uasi wa 1964 uliwavua machifu wengi wa serikali mamlaka yao. Mwaka uliofuata Che Guevara alipokaa miezi kadhaa na waasi kwenye milima inayotazama ziwa, kumbukumbu zake zilijaa malalamiko juu ya pombe miongoni mwa wapiganaji.  La kuzingatia hapa ni fedha yenyewe. Franka ikawa zaire mwaka 1967, zaire ikawa zaire mpya 1993, kisha franka ikarudi 1998, na kila mara mfumuko wa bei ulitafuna kilichobaki. Kiasi kilichoandikwa kwenye sheria kikakosa maana. Askari asiyelipwa mshahara akawa ndiye mwenye kutamka faini ni kiasi gani, na mlevi akajifunza kupatana naye kama anavyopatana bei ya dagaa sokoni. Mpishi wa lutuku naye, mara nyingi mwanamke anayesomesha watoto kwa chupa zake, akaiingiza faini katika hesabu ya bei. Kitu kilichowekwa kuzuia biashara kikawa ushuru wake usio rasmi.

Hapa wengi watapinga, na wana haki. Watasema lutuku inaua, kwamba wake hupigwa usiku, kwamba mlevi mwenye bunduki si jambo la mzaha katika nchi yenye silaha nyingi kama hii. Kweli tupu. Lakini mume anayempiga mkewe, na askari anayefyatua risasi, wana makosa yanayojulikana katika kanuni ya adhabu ya 1940. Anayewashtaki kwa ulevi wa barabarani amewapunguzia mzigo. Wengine watasema kasoro ni udhaifu wa serikali, si faini. Mwezi Februari 2011 mahakama ya kijeshi inayotembea iliketi Baraka na kumhukumu luteni kanali miaka 20 jela kwa ubakaji uliofanywa mjini Fizi siku ya mwaka mpya. Kesi ilikwisha chini ya miezi miwili baada ya uhalifu. Basi uwezo wa kuhukumu upo pale panapokuwa na nia. Ajabu ni kwamba mahakama ya makosa makubwa ndiyo inayotembea, inakuja na kuondoka, ilhali mkono unaotoza makosa madogo haubanduki barabarani.

Wapo pia wafanyabiashara wanaotaka ombaomba waondolewe sokoni. Tuwatazame basi hao wanaoomba. Tangu 2005 maelfu ya watu walivushwa kutoka kambi za Tanzania hadi Baraka kwa meli, wengi wakikuta shamba limechukuliwa na ukoo umetawanyika. Baadaye wakaja wakimbizi wa Burundi, waliowekwa Lusenda na kisha Mulongwe. Ajuza anayenyoosha mkono mlangoni mwa msikiti siku ya Ijumaa hana mbuzi, hana franka, na mara nyingi hana tena wa kumlipia. Kumtoza faini ni kumfunga kwa jina lingine. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni Desemba 2020 kwamba sheria za uzururaji hazipatani na Mkataba wa Afrika wa haki hizo. Ubelgiji nayo iliifuta sheria yake ya 1891 mwaka 1993.

Kwa pombe, ng'ambo ya ziwa kuna mfano unaostahili kupimwa. Tanzania ilipiga marufuku pombe za viroba, yaani za vifuko vidogo vya plastiki, kuanzia Machi 1, 2017, na mzigo ukaanguka kwa viwanda na maduka kabla ya kumfikia mnywaji. Mfano huo hautoshi Fizi moja kwa moja, kwa sababu lutuku haina kiwanda. Ukimnyang'anya mama pipa lake umewatoa watoto shuleni. Lakini vinywaji vikali vya viwandani vinavyoshushwa bandarini vina mwenyewe, vina hati na vina ghala. Baraka sasa ina hadhi ya mji, ina meya na hazina yake, na ikitaka kutoza, ianzie ghalani. Kisha itangaze kila mwezi, sokoni na kwa sauti, kiasi kilichokusanywa na kilikotumika.