Chombo cha uvuvi cha maji mafupi

Chombo cha uvuvi cha maji mafupi ni chombo kidogo, kwa kawaida cha mita 4 hadi 8, kinachoweza kuelea na kwenda mahali ambapo maji hufika magotini au kiunoni: juu ya mafungu ya mchanga, ndani ya mwamba, katika mikono ya mikoko na kwenye pwani zisizo na gati. Uteuzi wake ni mgumu kwa sababu mahali hapo ndipo pia bahari inapochafuka upesi. Umbo linalokiwezesha chombo kupita kwenye maji machache, yaani chini bapa na pana, ndilo linalokifanya kipigwe na mawimbi. Na umbo linalokata mawimbi, lenye chini iliyochongoka, hutaka maji mengi zaidi. Hakuna chombo kilichoshinda pande zote mbili. Kinachotafutwa ni kile kinachopoteza upande ambao kwa kazi iliyokusudiwa hauna madhara makubwa. Pwani ya Afrika Mashariki, yenye miamba mingi na maji yanayopwa sana, ina mifano mizuri ya namna mafundi na wavuvi walivyolitatua jambo hilo.

Maji yenyewe

Katika pwani ya Tanzania na Kenya maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika karibu mita 4 huko Unguja na Mombasa; wakati wa maji mafu hushuka hadi mita moja hivi. Upande wa mashariki wa Unguja, kwenye vijiji kama Paje na Jambiani, kuna uwanda mpana kati ya ufuko na mwamba ambao bamvua likipwa hubaki karibu mkavu, watu wakatembea juu yake kutafuta pweza na kutunza mwani. Saa sita baadaye vyombo hupita palepale. Mnunuzi wa chombo mahali kama hapo hatosheki kujua chombo kinataka maji kiasi gani. Anahitaji kujua kitaweza kurudi saa ngapi. Kati ya chombo kinachotaka sentimita 30 na kinachotaka sentimita 80, wakati wa bamvua kuna tofauti ya nusu saa hadi saa nzima ya kungoja nje ya mwamba, na wakati wa maji mafu hata zaidi.

Kungoja huko nje ndiko kunakoleta suala la mawimbi. Wimbi likitoka maji marefu na kuingia mafupi hupunguza mwendo, hukaribiana na linalolifuata, kisha husimama wima. Huvunjika kimo chake kinapofika zaidi kidogo ya robo tatu ya kina cha maji: wimbi la mita moja huvunjika penye maji ya mita moja na robo hivi. Kwa hiyo chombo cha maji mafupi hukutana na mawimbi mafupi, ya wima na yenye kufuatana haraka, ambayo humsumbua nahodha kuliko mawimbi marefu ya bahari kuu yenye kimo kilekile.

Hali huwa mbaya zaidi upepo unapopingana na mkondo. Mfano ulio wazi ni mlango wa mwamba wakati wa kusi, kuanzia Mei hadi Septemba. Maji yanapopwa, yale yote yaliyojaa ndani ya mwamba hutoka kwa nguvu kupitia mlango huo mwembamba, huku mawimbi ya kusi yakiingia kutoka nje. Yanapokutana, mawimbi hufupika, hunyanyuka na kuvunjika hata penye kina cha kutosha. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, mlango uleule unaweza kupitika kwa utulivu, na katika tangambili, kipindi kilicho kati ya misimu hiyo miwili, mtoto hupita na mtumbwi. Ndiyo maana chombo kikipimwa mwezi wa Novemba hakijapimwa. Mahali pabaya kuliko pote katika safari ya kila siku, yaani mlango huo, katika msimu wake mbaya, maji yakipwa na chombo kikiwa na samaki, ndipo panapostahili kuamua umbo.

Umbo la chini

Chombo chenye chini bapa kabisa huelea juu kuliko kingine chembamba cha uzito na urefu uleule, hukaa wima kikiachwa na maji, na mvuvi anaweza kusimama ukingoni akivuta wavu bila kukilaza sana. Kasoro yake hujitokeza mawimbi yanapofika nusu mita. Sehemu ya mbele huinuka juu ya wimbi, kisha ubao wote wa chini huangukia maji kwa mkupuo mmoja. Kishindo hupita kwenye mbao hadi migongoni mwa watu, na baada ya miezi misumari hulegea na viungo huanza kuvuja. Tena chombo hicho hakishiki njia. Upepo wa ubavuni hukisukuma kando kwa kuwa hakina mkuku wa kuushindania.

Chini iliyochongoka hupimwa kwa pembe ambayo mbao hupanda kutoka mkuku kuelekea pembeni. Nyuzi 0 hadi 5 huhesabiwa kuwa bapa, 10 hadi 15 ni wastani, na zaidi ya 20 ni mchongoko mkali. Mchongoko mkali ulipata sifa mwaka 1960, wakati boti Moppie, iliyochorwa na Mmarekani Raymond Hunt, iliposhinda mashindano ya Miami hadi Nassau katika bahari iliyochafuka. Hilo ni umbo la mashine kubwa na mafuta mengi. Kwa mvuvi mwenye mashine ya nguvu za farasi 15, boti ya namna hiyo ikiwa na nyavu na barafu hainyanyuki juu ya maji. Hujiburuta tu, ikiwa imezama zaidi na kuyumba zaidi ikisimama.

Umbo linalofaa wavuvi wengi liko katikati: mbele imechongoka ili ipasue wimbi, na chini inazidi kuwa bapa kadiri inavyokwenda nyuma, mahali palipo na mzigo, watu na mashine. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa katika miaka ya 1970 michoro ya vyombo vya uvuvi vya chini bapa, na pia michoro ya vyenye chini iliyochongoka vya kujengwa kwa mbao au plaiwudi.

Urefu nao husaidia kuliko wengi wanavyofikiri. Uzito uleule ukitandazwa kwenye mita 7 badala ya 5, chombo huzama kwa kiasi kidogo kuliko mwenzake, na hakitumbukii kwenye kila bonde la wimbi. Fedha ya kuongeza upana mara nyingi ingefaa zaidi ikiongeza urefu.

Uzito

Wauzaji hutaja kina cha chombo kikiwa kitupu, na takwimu hiyo haina maana kubwa. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1,025 hivi, kwa hiyo kila mita ya mraba ya chombo kwenye usawa wa maji hubeba kilo 10 na kidogo kwa kila sentimita ya kuzama. Boti ya mita 6 yenye mita za mraba 5 kwenye usawa wa maji huzama sentimita moja kwa kila kilo 51. Watu watatu, nyavu na sanduku la barafu, jumla kilo 300, huizamisha sentimita 6. Mtumbwi mwembamba wenye mita ya mraba moja na nusu ukipakiwa uzito huohuo huzama karibu sentimita 20, na sentimita hizo hizo zinakatwa kwenye kimo cha ukingo juu ya maji. Mtumbwi unaoonekana kuwa chombo cha maji mafupi kuliko vyote unaweza, jioni ya samaki wengi, kuwa mzito wa kupita na mwepesi wa kuingia maji.

Maji ya ngama nayo ni mzigo, tena mzigo unaohama. Chombo kikilala upande, maji yote hukimbilia upande huo huo na kukilaza zaidi, na katika chombo kipana cha chini bapa hukimbia mbali zaidi kabla ya kukutana na kizuizi. Vizuizi vichache vya kukingama kwenye sakafu hupunguza hatari hiyo kwa gharama ndogo.

Ngalawa

Ngalawa imelijibu suala la maji mafupi na mawimbi kwa njia ya pekee: haikupanua tumbo, bali imeweka upana wake nje. Chombo chenyewe, kwa kawaida cha mita 5 hadi 6, ni gogo lililochongwa, mara nyingi la mwembe, jembamba kiasi cha mtu mzima kukaa amebana magoti. Likiwa peke yake na tanga juu yake lingepinduka mara moja. Miti miwili ya kukingama, iitwayo matengo, hufungwa juu ya ukingo, mmoja mbele na mwingine nyuma, na kwenye ncha zake kila upande huning'inia rengu, ubao mrefu unaogusa maji kwa mshazari.

Rengu la ngalawa si boya. Ni ubao mwembamba ambao ukilala majini bila mwendo hubeba uzito mdogo tu. Kazi yake huanza chombo kikitembea: upepo unapolaza tanga, rengu la upande wa chini huzama kidogo, na kwa kuwa limewekwa mshazari, maji yanayopita chini yake hulisukuma juu. Kadiri mwendo unavyozidi ndivyo linavyosukumwa zaidi. Upepo ukikaza, mvuvi mmoja hutoka na kukaa juu ya tengo la upande wa joshi ili mwili wake uwe uzani. Viungo hufungwa kwa kamba, hivyo wimbi likipiga hucheza kidogo badala ya kuvunjika, na kamba iliyochakaa hubadilishwa ufukweni bila fundi. Gogo jembamba hupasua mawimbi mafupi bila kishindo, na hupita penye maji ya magotini. Kati ya vyombo vidogo vya tanga katika pwani hii, hakuna kinachoyaweza mambo yote mawili vizuri kuliko ngalawa.

Ina mipaka yake. Ikisimama kwa ajili ya kutupa mshipi, huyumba zaidi kuliko inapokwenda. Nyavu hunasa kwenye matengo, kusogea ubavuni mwa chombo kingine ni taabu, na rengu likigonga jiwe la matumbawe hutoka mahali pake. Nafasi ya samaki ni ndogo. Miembe mikubwa ya kuchonga gogo zima nayo inazidi kuwa adimu na ghali.

Mashua na boti ya faiba

Anayetega madema mengi au kuvua kwa jarife huhitaji chombo cha mbao chenye mataruma na mkuku. Mashua, yenye tezi iliyokatwa, hubeba mzigo mwingi na hushika njia, lakini mkuku wake hutaka maji zaidi na ikiachwa na maji hulala ubavu. Dau hutofautiana sana mahali na mahali kwa ukubwa na umbo la chini, kwa hiyo jina pekee halimtoshi mnunuzi. Katika vyombo hivi vyote usukani ndio hugonga chini kwanza. Ulio mzuri hung'oka au kupandishwa kwa urahisi, na pondo huchukua kazi.

Boti ya faiba ni nyepesi na haihitaji kalafati wala deheni. Ila ubao ukijaa maji bado huelea, na faiba huzama. Boti isiyo na povu lililozibwa chini ya viti au pembeni, la kutosha kuibeba pamoja na mashine na watu walioishikilia, haifai kununuliwa hata ikiwa na umbo zuri namna gani. Matumbawe nayo hula utando wa nje wa mkuku taratibu kila inapoburutwa. Pindi nyuzi zinapoonekana, maji hupenya ndani na boti huongezeka uzito bila mwenyewe kujua. Kipande cha ziada cha faiba, mpira au mbao ngumu juu ya mkuku huzuia hayo.

Mashine hubadilisha hesabu nzima. Boti inayotaka sentimita 25 ikipachikwa mashine ya nje huwa inataka mara mbili ya hapo au zaidi, kwani rafadha hukaa chini ya kiwango cha boti. Shingo za mashine huuzwa kwa urefu tofauti, fupi ya inchi 15 na ndefu ya inchi 20 zikiwa za kawaida, na ubao wa nyuma wa boti hukatwa kwa mmojawapo. Shingo ndefu kwenye ubao mfupi hupoteza faida yote ya chini bapa. Shingo fupi kwenye ubao mrefu huifanya rafadha itoke majini kwenye kila wimbi na mashine kupiga kelele bila kusukuma. Ubao wa nyuma uliokatwa chini sana huruhusu wimbi la nyuma kuingia, hasa boti inapopunguza mwendo mlangoni.

Maziwa makuu

Katika Ziwa Viktoria hakuna kujaa na kupwa, na kina hakizidi mita 85 hivi. Mawimbi yake ni mafupi na ya wima, na dhoruba nyingi hutokea usiku, wakati wavuvi wa dagaa wako kazini. Maji mafupi hapo ni suala la kufikia mwalo na kupita kwenye matete, si la safari nzima. Kwa sababu hiyo mitumbwi ya mbao ya aina ya Sesse, iliyopata jina lake kwa visiwa vya Uganda, ni mirefu, myembamba na yenye mkuku: imetoa sentimita chache za kina ili ipate uwezo wa kukabili mawimbi.

Kukagua

Chombo kilichotumika hukaguliwa kikiwa mchangani na kikiwa majini. Mchangani hutazamwa mstari wa mkuku kutoka mbele hadi nyuma. Ukiwa umepinda katikati, chombo kimebeba kuliko nguvu zake. Katika ngalawa hugongwa gogo kwa ndani, hasa chini ya matengo ambako maji ya mvua hukaa na kuozesha. Kisha chombo hupakiwa mifuko ya mchanga yenye uzito wa watu, zana na samaki wa siku njema, na hupimwa kwa kijiti kutoka chini kabisa, rafadha au usukani ukiwa umeshushwa, hadi usawa wa maji. Hatimaye hupelekwa mlangoni siku yenye upepo wa kutosha, na huelekezwa kwenye wimbi, ubavu kwa wimbi, na wimbi likitokea nyuma. Hali ya mwisho ndiyo husahauliwa, ingawa kurudi nyumbani mara nyingi ni hivyo: chombo chenye mbele nyembamba kupita kiasi huzamisha pua kwenye wimbi la mbele, nyuma hupita kando, na hapo hupinduka hata kama wakati wa kutoka kilikwenda vizuri.