Mtoto Asiyelia

Katika Kiswahili cha kila siku uhai wa mtoto mchanga hupimwa kwa sauti. Mama aulizwapo habari za uzazi uliokuwa na shida, aghalabu hujibu kwamba mtoto "alichelewa kulia", au kwamba "alizaliwa amechoka". Semi hizi mbili zina busara yake, kwani zote zakiri kwamba mtoto yu hai. Lakini lipo neno la tatu, zito kuliko hayo, nalo ni "mfu". Mtoto asiyelia wala kutikisika, aliyelegea viungo na kufifia rangi, mara nyingi ameandikwa mfu katika daftari la wodi hali moyo wake ungali ukidunda. Historia ya kuwasaidia watoto wapumue ni kwa sehemu kubwa historia ya kuling'oa neno hilo mahali lisipostahili.

Kumpulizia mtoto kwa kinywa ni jambo la kale sana, nao wakunga wa nchi nyingi walilijua. Ajabu ni kwamba waganga wa karne ya 19 huko Ulaya waliliacha, wakashika mengine. Mnamo 1871 Bernhard Schultze wa Jena alieleza njia yake ya kumshika mtoto mabegani na kumbembeza juu na chini, ili kifua kibanwe kisha kipanuke. Wengine waliwachovya watoto katika maji ya moto na ya baridi kwa zamu, au wakawapiga makofi, kana kwamba mtoto amelala usingizi na haja yake ni kuamshwa tu.

Kiswahili husema kwamba mtu huvuta pumzi, yaani kazi ni yake mwenyewe. Asiyeweza kuvuta hana budi apuliziwe, wala hapana kofi liwezalo kushika nafasi ya hewa. Jambo hilo ndilo lililowachukua wataalamu muda mrefu kulikubali.

Mwaka 1952 Virginia Apgar, daktari wa New York, alipendekeza mtoto atazamwe katika dakika ya kwanza kwa dalili tano: mapigo ya moyo, pumzi, nguvu ya misuli, mwitiko na rangi. Tangu hapo kilio hakikuwa shahidi wa pekee. Mwaka 1956 Henning Ruben wa Denmark akabuni mfuko ujijazao hewa wenyewe, usiohitaji mtungi wala umeme. Hata hivyo iliendelea kuaminika kwamba mtoto lazima apewe oksijeni tupu, na zahanati isiyo na mtungi ikajiona haina la kufanya. Utafiti wa Ola Saugstad na wenzake, uliochapishwa mwaka 1998, ulionyesha kwamba hewa ya kawaida yatosha kwa kuanzia.

Mwaka 2010 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani pamoja na wenzi wake walitoa mafunzo kwa ajili ya mahali penye vifaa haba. Mkunga humkausha mtoto, humchua mgongo, na asipopumua humpulizia kwa mfuko kabla dakika moja haijapita. Dakika hiyo huitwa "dakika ya dhahabu", istilahi iliyo tafsiri tupu, lakini imekwisha kukubalika.

Mafunzo hayo yalijaribiwa katika hospitali 8 za Tanzania, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Vifo vya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Lililo kubwa zaidi kwa msomaji wa maneno ni hili: hata idadi ya watoto walioandikwa kwamba wamezaliwa wafu, miili yao ikiwa bado haijaharibika, ilipungua kwa asilimia 24. Mfuko haufufui. Yamkini baadhi ya wale wa zamani hawakuwa wafu.

Huko Haydom, katika mkoa wa Manyara, ilionekana kwamba mafunzo ya siku moja yaliwafanya wakunga wawe hodari mbele ya mwanasesere, lakini wodini mambo yalibaki yale yale. Ndipo yakaanzishwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara, papo hapo kazini. Vifo vya siku ya kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 katika kila watoto 1,000.